Nishani za Kaiser: bei iko kwenye karatasi, si kwenye dhahabu

SI ajabu katika minada ya Munich, Osnabrück au London kuona misalaba miwili ya rangi ya buluu ikipita mezani katika msimu mmoja. Yote miwili ni ya muundo wa Prusia, yote ina tai wanne wadogo wa rangi ya dhahabu kwenye pembe zake, na yote inaning'inia kwenye utepe mweusi wenye mistari ya fedha. Mmoja hununuliwa kwa bei ya gari zuri. Mwingine huondoka kwa bei ya baiskeli, na dalali hushukuru kuupatia mnunuzi.

Mfanyabiashara wa vipuri ataielewa hali hiyo haraka, kwa kuwa na yeye anaishi kati ya kipuri halisi na kile cha kuiga. Lakini katika soko la nishani za kale za Kijerumani mambo hayaishii kwenye halisi na bandia tu. Katikati yake ziko daraja nyingine mbili au tatu, kila moja na bei yake, na mwekezaji mdogo anayeingia na mtaji wake bila kuzijua hulipa bei ya daraja la juu kwa bidhaa ya daraja la chini. Kwa kawaida hagundui siku ya kununua. Hugundua siku ya kuuza.

Kiwanda kilichofungwa

Nishani hizi ni bidhaa ambayo kiwanda chake kilifungwa zamani. Kaiser Wilhelm II aliondolewa madarakani tarehe 9 Novemba, 1918, na katika mwezi huo huo wafalme na watawala wengine wa Kijerumani nao wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Katiba ya Jamhuri iliyotungwa mwaka 1919 ikaweka wazi katika kifungu chake cha 109 kwamba dola haitatoa tena nishani wala tuzo za heshima.

Kwa hesabu ya darasani, ugavi ukisimama na wanunuzi wakiongezeka bei hupanda. Katika soko hili hesabu hiyo ina tobo. Ugavi wa nishani halisi umesimama kweli, lakini ugavi wa nishani za kuiga haujasimama hata siku moja tangu mwaka huo wa 1918, na kazi ya mafundi wake inazidi kuwa nzuri. Kila bei ya halisi inapopanda, ndivyo inavyolipa zaidi kutengeneza bandia.

Jambo la pili ambalo mgeni hulikosea ni kudhani kwamba Ujerumani ilikuwa duka moja. Dola iliyoundwa mwaka 1871 chini ya Prusia ilikuwa muungano wa tawala nyingi, zikiwemo falme nne: Prusia, Bavaria, Saksonia na Württemberg. Chini yao walikuwepo watawala wenye vyeo vidogo zaidi, na karibu kila mmoja alikuwa na nishani zake, tepe zake na sonara wake. Bavaria ilikuwa na Nishani ya Mtakatifu Hubert, ambayo asili yake ni mwaka 1444. Saksonia ilikuwa na ya Mtakatifu Heinrich ya mwaka 1736. Prusia ilianzisha Tai Mweusi Januari 1701, siku moja kabla Friedrich I hajavikwa taji. Nishani ya kijeshi ya Max Joseph ya Bavaria, iliyoanzishwa 1806, ilimpa ofisa wa Bavaria aliyeivaa hadhi ya ukabaila kwa maisha yake. Mtoto wa fundi viatu aliweza kulala raia na kuamka na jina la kibwanyenye.

Wingi huo wa tawala una maana kubwa kwa mwenye mtaji. Nishani ya kijidola kidogo inaweza kuwa adimu kuliko ya Prusia mara kumi, na bado ikauzwa kwa bei ndogo, kwa sababu wakusanyaji wanaoitafuta nao ni wachache. Prusia na Bavaria zina wanunuzi Ulaya nzima na Marekani. Kijidola cha wakazi laki moja kina wanunuzi wangapi? Wawili wakikutana mnadani siku moja, bei hupaa. Mmoja akiwa mgonjwa siku hiyo, kitu kinarudi kabatini. Uadimu peke yake haulipi kodi ya nyumba.

Kwa nini baadhi ni adimu

Nishani nyingi za daraja hazikuwa mali ya aliyevikwa. Alipewa aivae, na alipopandishwa daraja alitakiwa kuirudisha ile ya chini. Alipofariki, familia ilitakiwa kuirudisha. Berlin palikuwa na ofisi maalumu ya kazi hiyo, Kamisheni Kuu ya Nishani, iliyopokea zilizorudishwa na kuzitoa tena kwa wengine. Kwa hiyo msalaba mmoja wa Tai Mwekundu ungeweza kukaa kwenye vifua vya watu watatu kwa miaka hamsini bila jina la hata mmoja wao kuandikwa juu yake.

Utaratibu huo ulizaa mambo mawili. La kwanza, vipande vya kutolewa rasmi vilivyobaki mitaani ni vichache kuliko idadi ya watu waliovikwa. La pili, maofisa waliokuwa na uwezo walikwenda kwa masonara wa mahakama ya kifalme na kujinunulia kipande cha pili kwa pesa zao, ama cha kuvaa kila siku ili kile rasmi kisikwaruzike, ama cha kubaki nacho. Vipande hivi vya sonara ni vya wakati ule ule, mara nyingi vya sonara yule yule, na vingine vimetengenezwa kwa ustadi zaidi kuliko vile vya serikali. Si bandia. Lakini sokoni havihesabiwi kuwa sawa na kipande rasmi, isipokuwa pale jina la mwenyewe linapojulikana.

Hapo ndipo zile daraja zinapojitokeza. Juu kabisa ni kipande rasmi kilichotolewa na mfalme. Kinafuata kipande cha sonara cha enzi ile. Kisha kuna vilivyotengenezwa baada ya 1918 kwa ajili ya wazee wa vita waliopoteza vyao au waliotaka kuvivaa kwenye gwaride; navyo vina heshima yake, ingawa bei hushuka sana. Baada ya hapo vinakuja vya kuiga vilivyouzwa waziwazi kuwa vya kuiga. Kampuni za Vienna, hasa Rothe und Neffe na Souval, zilitengeneza vingi vya namna hiyo baada ya vita, na ubora wake ni wa juu kiasi kwamba vimewahi kuwaumiza hata watu wazoefu. Mwisho kabisa ni cha tapeli, kilichozeeshwa kwa makusudi na kutiwa alama ya sonara ambaye hakukigusa.

Tatizo ni kwamba vipande hivyo vyote hupita katika maduka, minada midogo na kwenye intaneti vikiwa na maelezo yanayofanana: "msalaba wa zamani wa Prusia, hali nzuri". Neno "wa zamani" halisemi chochote. Hata kipande kilichotengenezwa Vienna mwaka 1960 sasa ni cha zamani.

Msalaba wa Chuma

Kwa mwenye mtaji mdogo mlango wa kuingilia ni Msalaba wa Chuma. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prusia aliuanzisha Machi 1813 wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na mchoro wa mwisho ulikuwa wa msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel. Kwa mara ya kwanza nishani kubwa ya kifalme ilitengenezwa kwa chuma, madini ya mtu maskini. Dola ilikuwa haina pesa, na wanawake wa Prusia walikuwa wakitoa pete na mikufu yao ya dhahabu kugharimia vita na kupewa vito vya chuma badala yake. Kuvaa chuma kukawa fahari.

Msalaba huo ulianzishwa upya mwaka 1870 kwa vita dhidi ya Ufaransa na tena mwaka 1914. Haukurudishwa mwenyewe alipofariki, na ndiyo maana upo mwingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza peke yake Daraja la Pili lilitolewa kwa watu wapatao milioni 5, na Daraja la Kwanza kwa watu wapatao 218,000. Tofauti hiyo inaonekana kwenye bei: wa Daraja la Pili wa 1914 bado unapatikana kwa makumi ya euro, wa Daraja la Kwanza kwa mamia. Wa 1870 ni ghali zaidi, na wa 1813 halisi unahesabiwa kwa maelfu.

Huu ni msalaba mzuri wa kujifunzia kwa sababu unakaguliwa kwa vifaa vya bei nafuu. Kwa kawaida umejengwa kwa vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za fedha zilizounganishwa kukizunguka. Smaku ikikataa kushika, mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali. Mshono wa fremu unaonekana ukingoni kwa kioo cha kukuzia. Ukiwa umemiminwa kipande kimoja bila mshono, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Kwenye kipete cha kuning'inizia wa 1914 mara nyingi kuna alama ndogo ya mtengenezaji.

Utepe nao una hadithi. Wapiganaji walipewa mweusi wenye kingo nyeupe. Wasio wapiganaji, kama maofisa wa utawala, walipewa mweupe wenye kingo nyeusi. Misalaba ya wasio wapiganaji ni michache na inatafutwa zaidi. Lakini utepe unabadilishwa kwa dakika mbili, kwa hiyo anayelipa zaidi kwa sababu ya utepe tu amenunua kitambaa.

Toleo la 1939 ni habari nyingine. Lina msalaba wa swastika, na sheria ya jinai ya Ujerumani inazuia kuonyesha alama hiyo hadharani isipokuwa kwa sababu maalumu kama utafiti na historia. Sheria ya mwaka 1957 iliruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao zikiwa zimeondolewa alama hiyo, na matoleo mapya yakatengenezwa kwa ajili hiyo. Baadhi ya masoko makubwa ya intaneti hayapokei bidhaa za enzi hiyo, nazo ndizo zinazoongoza kwa kughushiwa. Mfanyabiashara mgeni hana sababu ya kuanzia huko.

Msalaba wa buluu

Kilele cha soko kwa watu wengi ni Pour le Mérite. Jina ni la Kifaransa, maana yake kwa ajili ya ustahili, kwa kuwa Friedrich II aliyeianzisha mwaka 1740 alipendelea Kifaransa kuliko Kijerumani katika ikulu yake. Mwaka 1842 likaanzishwa tawi la wanasayansi na wasanii, na tawi hilo lilifufuliwa mwaka 1952 na lipo hadi leo. La kijeshi liliisha na ufalme. Katika Vita Kuu ya Kwanza lilitolewa mara 687 tu. Marubani wa mwanzo kuipata, Januari 1916, walikuwa Oswald Boelcke na Max Immelmann, na wazungumzaji wa Kiingereza huiita "Max wa buluu". Mwandishi Ernst Jünger, ofisa wa mwisho aliyekuwa nayo, alifariki Februari 1998 akiwa na miaka 102.

Vipande vya mwanzo vya vita hiyo vilikuwa vya dhahabu, vyenye uwazi ndani. Mwishoni mwa 1916, dhahabu ilipohitajika kwa vita, vikaanza kutolewa vya fedha iliyopakwa dhahabu, vingi na Wagner na Friedländer wa Berlin. Kwa kuwa vya fedha vilitengenezwa miaka ambayo nishani nyingi zaidi zilitolewa, si lazima cha fedha kiwe cha kuiga, na si lazima cha dhahabu kiwe rasmi. Hapa wanunuzi wengi wamejikwaa. Mtu anapeleka msalaba kwa sonara, sonara anasema ni dhahabu ya kweli, mtu anafurahi. Lakini sonara wa kuigiza naye ana dhahabu. Gramu chache za dhahabu ni gharama ndogo kwa tapeli anayetarajia kuuza kwa makumi ya maelfu ya euro.

Wanaoijua kazi hawaanzi na madini. Wanaangalia manyoya ya tai chini ya kioo, jinsi herufi zilivyokaa kwenye mikono ya msalaba, umbo la kishikizo cha juu, uzani, na rangi ya enameli, yaani ule unga wa kioo uliochomwa juu ya madini. Enameli halisi ikivunjika huvunjika kama kioo, na ufa wake ni mkali. Ikiwa imezibwa kwa rangi baridi, sehemu hiyo haing'ai sawa na nyingine. Ufa mmoja kwenye mkono wa msalaba hushusha bei sana, na kuziba kwa siri hushusha zaidi, kwa sababu mnunuzi anajiuliza ni kipi kingine kilichofichwa.

Wenye kiu ya rangi hiyo na mfuko usiofika huko huishia kwenye Nishani ya Ukoo wa Hohenzollern, Msalaba wa Ushujaa wenye panga mbili zilizopishana. Panga maana yake ilipatikana vitani. Ilitolewa mara zaidi ya 8,000 katika vita ile, na kwa ofisa mdogo wa Prusia ndiyo iliyokuwa ngazi ya kuelekea ile ya buluu. Biashara yake inakwenda haraka zaidi, na kuuzika haraka ni sifa ambayo wakusanyaji huidharau na wafanyabiashara huipenda.

Karatasi ndiyo inayolipwa

Kwa kuwa nishani hazikuandikwa majina, kinachoutenganisha msalaba wa gari na msalaba wa baiskeli mara nyingi si msalaba wenyewe. Ni cheti cha kuutunukiwa, kitabu cha askari, picha ya mwenyewe akiwa ameuvaa, barua za familia, risiti ya mnada wa miaka arobaini iliyopita. Karatasi hizo ndizo zinazoonyesha kipande kilikotoka na mikono iliyopitia. Msalaba wa kawaida kabisa wa 1914 ukiwa na cheti, kitabu na picha ya rubani hupita mara nyingi bei ya msalaba huo huo ukiwa peke yake.

Na hapa historia imewapendelea wengine. Hifadhi ya nyaraka za jeshi la Prusia ilikuwa Potsdam, na iliteketea kwa sehemu kubwa katika mashambulizi ya mabomu ya Aprili 1945. Nyaraka za jeshi la Bavaria zilikuwa Munich na nyingi zimesalimika. Matokeo yake, nishani ya ofisa wa Bavaria inaweza kuthibitishwa kwa kufungua faili lake, wakati ya mwenzake wa Prusia hutegemea vitabu vya orodha vilivyochapishwa, kama ile orodha kubwa ya nishani za kifalme ya mwaka 1905 au orodha ya maofisa iliyotolewa 1926. Mwekezaji anayetaka uhakika kuliko sifa huanzia Bavaria.

Orodha hizo zina matumizi mengine. Maofisa walishona nishani zao safu moja juu ya kibao cha kifuani. Safu ya nishani saba, yenye moja ya Saksonia, moja ya Uturuki na moja ya kijidola kidogo, inaweza kuwa ya mtu mmoja tu katika jeshi zima. Mtafiti mvumilivu hukaa na orodha mpaka ampate, na safu iliyonunuliwa bila jina huuzwa na jina. Hii ni moja ya njia chache za kupata faida ya kweli katika biashara hii bila mtaji mkubwa: kinachoongezwa ni kazi.

Bila shaka matapeli nao wamesoma orodha hizo. Hununua nishani halisi moja moja na kuzishona pamoja kuunda ofisa ambaye hakuwahi kuzaliwa, au kuunda safu ya mtu maarufu. Dawa mojawapo ni taa ya ultravioleti, ile ile ya kukagulia noti. Nyuzi, vitambaa na karatasi nyingi za baada ya Vita ya Pili zina kemikali ya kung'arisha inayowaka samawati chini ya taa hiyo. Uzi ukiwaka, safu hiyo haikushonwa enzi ya Kaiser. Usipowaka bado si uthibitisho, kwa kuwa uzi wa zamani unanunulika.

Hesabu ya mnada

Tuseme mfanyabiashara ananunua nishani mnadani na nyundo inagonga kwenye euro 3,000. Hizo si ndizo atakazolipa. Nyumba za mnada za Ulaya humtoza mnunuzi ada juu ya bei hiyo, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 25, na nyingine zaidi. Kwa asilimia 25 analipa 3,750, kabla ya usafiri, bima na ushuru.

Mwaka unaofuata anaamua kuuza, na soko halijasogea. Nyundo inagonga tena kwenye 3,000. Safari hii nyumba inamkata muuzaji kamisheni. Tuseme asilimia 15. Anapokea 2,550. Amepoteza euro 1,200 kwenye bidhaa ambayo bei yake haikushuka hata senti moja. Ili arudishe tu pesa zake alihitaji nyundo igonge karibu euro 4,412, yaani bei ipande kwa asilimia 47.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini wanaoishi kwa biashara hii hawanunui kitu leo ili wakiuze mwaka kesho kwenye meza ile ile. Hununua mikusanyo mizima kutoka kwa warithi, hununua kwenye minada midogo iliyoandika maelezo vibaya, na kuuza kwa mkusanyaji wanayemjua bila kupitia nyundo. Anayenunua kwenye orodha yenye picha nzuri, mbele ya watu mia wanaoijua bidhaa kuliko yeye, ndiye anayewalipia wote chakula.

Kwa aliye Afrika Mashariki kuna la ziada: mali hii inahesabiwa kwa euro. Shilingi ikidhoofika, mwenye nishani anaonekana amepata. Lakini faida hiyo angeipata pia kwenye akaunti ya fedha za kigeni, ambayo haina ada ya asilimia 25 wala enameli ya kuvunjika.

Na huku kwetu

Nishani za Kijerumani zina mguu mmoja Afrika Mashariki, na hilo halikuanza na matapeli. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck alitunukiwa ile ya buluu Novemba 1916 akiwa porini katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, na akaongezewa majani ya mwaloni mwaka 1917. Medali ya Makoloni iliyoanzishwa na Kaiser mwaka 1912 ilikuwa na vibao vya kutaja kampeni, kimojawapo cha Afrika Mashariki ya Kijerumani 1905/07, yaani vita ya Maji Maji. Wakusanyaji hulipia zaidi medali yenye kibao, na vibao vinaghushiwa. Iko pia beji ya makoloni ya mwaka 1922, yenye tembo mbele ya mnazi, ambayo Wajerumani waliipa jina la utani la nishani ya tembo. Askari wa Kiafrika nao walikuwa na medali yao ya ustahili, tofauti na ya Wazungu.

Askari hao walikutana na suala hili la karatasi kabla ya wakusanyaji. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa mishahara yao ya vita waliokuwa hai, na wazee wapatao 350 wakajitokeza Mwanza. Wenye vyeti walihesabika kwa vidole. Inasimuliwa kwamba ofisa wa benki aliyetumwa kulipa aliwapa wale wengine ufagio mmoja mmoja na kuwaamrisha gwaride la bunduki kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Wakalipwa.

Siku hizi bidhaa inayozunguka zaidi mitaani ni hadithi ya mali ya Mjerumani: sanduku lililofukiwa, rupia za Kaiser, msalaba wa dhahabu wa jenerali. Muuzaji huwa na picha kwenye simu, huwa na haraka, na huomba kianzio cha kumlipa mchimbaji au mganga. Nishani yenyewe ikionekana, mara nyingi ni ya shaba iliyomiminwa kipande kimoja, na smaku haiigusi.

Kitu halisi kinaweza kujitokeza pia, hasa kwenye familia ambayo babu yake alikuwa askari au karani wa Mjerumani. Anayekishika asikisugue kwa Brasso wala majivu, kwa kuwa ukungu wa miaka mia ni sehemu ya bei. Akipige picha mbele, nyuma na ukingoni, akipime uzani, na aandike kwa kalamu nani alikuwa nacho kabla yake na kabla ya huyo, wakati wazee wanaojua bado wapo. Nyumba kubwa za mnada hupokea picha na kutoa makisio ya awali, nyingi bila malipo. Kabla ya kukitoa nje ya nchi ni vema kwanza kufika Idara ya Mambo ya Kale na forodha kuulizia kibali.